Majina ya Siku ya Nane

Karatasi ya kuachana ina mahali pa watoto. Nilikuwa nimeisoma sheria mara tatu nisilione hilo, au nililiona nikalipita kama mtu anavyoipita nyumba yenye mbwa. Siku nilipolifikia, kalamu mkononi, ilikuwa Jumapili mchana, Batsinda, pembeni mwa Kigali. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeketi pande mbili za meza ya plastiki, na mpaka hapo kazi ilikuwa imetuendea vizuri hata tukawa tunacheka.

Tulikuwa tumekubaliana kuachana bila ugomvi na bila wakili. Ugomvi haukuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa na shtaka ambalo mwenzake hakulijua tayari. Wakili hakuwepo kwa sababu yangu. Niliacha shule darasa la tano, Bujumbura, mwaka baba alipofariki, na tangu hapo nasoma chochote kinachopita mbele ya macho: karatasi za dawa, maandishi ya magunia, hati za shehena kwenye malori niliyopanda kama utingo kutoka Dar es Salaam mpaka Kigali, Kigali mpaka Goma. Sheria ya ndoa niliipata kwenye gazeti la serikali, lile lenye safu tatu, Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nilisoma safu ya Kinyarwanda; nikikwama nachungulia ya Kifaransa; ya Kiingereza niliiacha ipumzike. Niliyoyaelewa ni kwamba watu wawili wakikubaliana wenyewe, huandika makubaliano yao, huenda wote wawili mbele ya jaji, naye huwasikiliza, huwapa muda wa kufikiri, kisha huwaita na kuwauliza tena.

"Hii tunaiweza wenyewe," nikamwambia.

"Wewe hata choo kikiziba unasema tunaiweza wenyewe," akasema. "Halafu wiki nzima tunaomba choo kwa jirani."

Lakini alikubali.

Kiswahili ndiyo ilikuwa lugha ya nyumba yetu. Yeye alikulia Ngara, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Mimi nilikulia Bujumbura kwa sababu hiyohiyo. Tulirudi Rwanda kila mmoja kwa njia yake, na Kinyarwanda chetu cha kuchekwa, tukakutana kwenye foleni ya chapati nje ya viwanda vya Masoro. Nilimsikia akimsuta muuzaji kwa Kiswahili kilichonyooka hata nikasahau njaa. Alikuwa akishona mashati kiwandani, na bado anashona. Kiswahili changu cha Bujumbura alikiita kitanda kilichokosa tendegu moja. Tulikilalia miaka minane.

Sababu ya kuachana ni kwamba mimi huondoka. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala pombe. Lori likiwaka tu, mimi tayari nimo. Ninasema wiki mbili, ninarudi baada ya miezi minne na kitenge na hadithi. Mara ya mwisho niliporudi alinifungulia, akanipakulia chakula, akakaa akaniangalia nikila, kisha akasema bila hasira, "Sikukatai wewe. Nakataa huu mlango. Nimechoka kuusikiliza."

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyasema. Lilikuwepo jingine tusilolisema, nalo ndilo lililonifundisha kupenda malori.

Basi tukagawana. Tulioana kwa kuchanganya mali yote, tukashika bendera kwenye ofisi ya sekta, ile ya serikali ya mtaa, tukaapa, kwa hiyo kisheria kila kijiko kilikuwa cha wawili. Nyumba ya vyumba viwili aliachiwa na shangazi yake, nikaiandika yake. Cherehani yake. Kitanda chake.

"Redio?" nikauliza.

"Yangu. Nilinunua mimi."

"Lakini mimi ndiye ninayeisikiliza."

"Na mimi ndiye ninayekaa nayo ikiongea peke yake kama mjane. Haya, chukua. Mtaoana."

Nikaandika redio upande wangu. "Sufuria kubwa. Yako."

"Hiyo hapana. Ichukue wewe."

"Nitaipeleka wapi, mama? Barabarani nitapika nini kwenye sufuria ya kulisha watu ishirini?"

"Basi itupe. Humu isibaki."

Nikaiandika upande wangu. Nilijua ni sufuria gani.

Kilichofuata ndicho kile. *Watoto waliozaliwa katika ndoa.* Nikaandika: Hakuna.

Aliigeuza karatasi upande wake kwa kidole kimoja. "Nani kakwambia hakuna?"

"Wanauliza wa kulea. Wanataka kujua atalala kwa nani, atalishwa na nani."

"Wanauliza waliozaliwa. Soma, wewe msomaji."

Nikasoma. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Hii ndoa ikifutwa," akasema, "yeye anabaki wapi? Hana cheti, hana picha, hana jina. Mahali pekee alipowahi kuwapo ni kati yangu na wewe, na sasa tunapaondoa. Sitatia saini karatasi inayosema hakuna. Mwandike."

"Kwa jina gani?"

Nje watu walikuwa wakirudi kutoka misa, viatu vikikwaruza changarawe.

"Hilo mimi ndiye ninayekuuliza," akasema. "Mwaka wa sita huu."

Alikuwa msichana. Aliishi siku saba, na alfajiri ya siku ya nane tukamkuta hana pumzi ubavuni mwa mama yake.

Siku hizi mtoto huandikishwa hospitalini hata hajakauka. Sisi tulitoka na kadi tu, imeandikwa *mtoto wa*, kisha jina la mama. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ngara kumhudumia bintiye, na alitaka jina litolewe kwa mila. Watoto wa majirani hualikwa siku ya nane. Hupewa vijiti na vijembe, wakalima kipande kidogo cha udongo kando ya nyumba, kisha huketishwa wakala pamoja kwenye sinia moja, maharage na mboga, na wakishiba kila mmoja humtolea mtoto jina. Ni majina ya kuchekesha, ya kubahatisha. Jioni yake baba hutaja la kweli, na hilo ndilo hubaki.

Siku ya sita mke wangu aliniuliza, "Umeshalipata?"

"Ninalo."

"Niambie."

"Utalisikia siku ya nane. Haraka ya nini?"

Haraka ya nini. Maneno hayo nimelala nayo Rusumo, Kahama, Morogoro, nimeyasikia kwenye breki za upepo za lori. Na kilichoyafanya yasinyamaze ni kwamba yalikuwa uongo. Sikuwa na jina. Nilikuwa nimejaribu mengi, na kila nililolishika nililiona kama chumba cha kupanga, nikaweka begi chini, nikaliinua tena. Nilidhani siku ya nane yenyewe italileta.

Tulikimbia naye kituo cha afya wakati barabara ina ukungu bado. Muuguzi hakumshika muda mrefu. Tukarudi kwa miguu, mke wangu amembeba vilevile, kichwa amekifunika jua lisimwingie machoni. Tukamlaza kitandani katikati yetu. Mama mkwe alitoka kwenda kumwita padri, akarudi, akaketi sakafuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka watoto walioalikwa.

Walikuja saa nne. Niliwasikia kabla sijaelewa ni nani: nyayo, minong'ono, mmoja akimkemea mwenzake ajipange vizuri. Mama mkwe alitoka nje. Baadaye alinieleza kwamba walikuwa tisa, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kila mmoja na kijiti mkononi, na kwamba alifungua mdomo kuwarudisha makwao ukakataa. Maharage yalikuwa tayari kwenye sufuria kubwa. Chakula kilichopikiwa watoto hakimwagwi, alisema. Akawaonyesha mahali pa kulima.

Dirisha la chumba chetu liko juu ya kipande hicho. Tuliwasikia wakilima. Tuliwasikia wakila, wakigombea nafasi kwenye sinia. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja juu ya mtoto, macho wazi. Kisha kukawa kimya, na msichana mkubwa kuliko wote, ambaye bila shaka aliwahi kuyaona haya kwao, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Sasa majina."

Mama mkwe hakuwa amewaambia wafanye hivyo. Lakini hakuwazuia.

Wakaanza. Mmoja akataja jina, wenzake wakapiga makofi. Wa pili, makofi. Wa tatu alitaja jina la mchezaji mpira, wakacheka. Yalipita hivyo, moja baada ya jingine, juu ya kitanda chetu. Wa mwisho alikuwa kitoto cha miaka mitatu hivi, binti wa jirani wa ukuta mmoja. Alikaa kimya mpaka wakaanza kumsukuma. Ndipo akataja jina lake mwenyewe.

"Hilo si lako?" wakamcheka.

"Nampa," akasema.

Jioni yake hakukuwa na wa kupewa jina. Tulimzika alasiri. Mke wangu alirudi nyumbani, akasubiri majirani wapungue, akaniuliza, "Lilikuwa lipi?" Nikasema, "Si sasa." Baada ya mwezi akaniuliza tena, nikakasirika. Baada ya hapo malori.

Makubaliano yetu tuliyapeleka Kimironko, kwenye duka la intaneti karibu na soko, ambako mama mmoja mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, huwaandikia watu madai yao na kuyatuma mahakamani kwa kompyuta. Alisoma mwandiko wangu haraka, akiusifia. Alipofika kwa watoto alivua miwani.

"Muzee, hapa iko shida. Mutoto alikufa, unaandika ya nini? Jaji ataona mutoto, atauliza iko wapi. Weka hakuna, mumalize."

"Andika kama ilivyo," akasema mke wangu.

"Mama, mimi naandika talaka kila siku ya Mungu. Watu wanaficha watoto wazima, wako kwenye shule, wanakula! Nyinyi munaleta..." Akavaa miwani. "Jina?"

Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Aliweka kistari, akatuma.

Nilijua tumekosea. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga mahakamani angelifuta neno lile. Wakili angelifuta kabla hajaketi. Lakini nilikuwa nimemwambia mke wangu tunaiweza wenyewe, na sasa hii ndiyo ilikuwa namna yetu ya kuiweza.

Siku ya kuitwa, mvua ilinyesha. Tulikwenda na mwavuli mmoja. Kwenye benchi alininyoosha kola, akaona mwanamke wa benchi la pili anatutazama, akasema kwa sauti, "Simwachi akiwa mchafu." Hata karani alicheka.

Jaji alikuwa mwanamke, mdogo kuliko sisi. Alituuliza kwa Kinyarwanda kama kuna aliyetulazimisha. Hapana. Kama tunapigana. Hapana.

"Mnaishi wapi sasa, kila mmoja?"

"Nyumba moja," nikasema.

"Mmekujaje?"

"Pamoja."

Alituangalia kama fundi anavyoiangalia saa inayotembea lakini mwenyewe amekuja nayo itengenezwe. Kisha akarudi kwenye karatasi.

"Huyu mtoto. Hamkuandika atalelewa na nani."

Mimi nilianza kukohoa. Mke wangu alisimama.

"Alishalelewa," akasema.

Nje mvua ilikuwa kwenye bati. Jaji alisubiri, akaelewa, akaweka kalamu chini. "Alizaliwa hai?"

"Siku saba."

"Basi ni mtoto. Siwezi kuandika hakuna. Lakini siwezi kuandika yupo na haonekani popote katika daftari." Alifikiri. "Nawapa miezi mitatu ya kufikiri, kama kawaida. Katika muda huo nendeni kwenye sekta yenu. Azaliwe kwenye daftari, afe kwenye daftari. Mkirudi, mje na vyeti viwili. Au mfute mstari huu sasa hivi, na miezi mitatu iwe ya kufikiri tu."

Nilimgeukia mke wangu. Nikiri, nilitumaini atakubali kufuta.

"Tutaleta vyeti," akasema.

Tulipotoka alinipa upande mzuri wa mwavuli. "Kwa hiyo sasa," akasema, "utalitaja."

Sijawahi kuishi miezi mirefu kama ile. Sikuwa na mahali pengine, kwa hiyo nilitandika godoro la kuazima sebuleni, nikapata kibarua cha kupakua kwenye ghala Masoro. Asubuhi tulitoka pamoja, yeye kiwandani, mimi ghalani, jioni tukarudi kama kaka na dada waliokosana kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe nilikaa mahali pamoja muda wa kutosha kuisikia nyumba yenyewe.

Ndipo nikagundua jambo. Kila jioni, jua likigusa mabati, jirani wa ukuta mmoja alikuwa akitoka mlangoni kumwita binti yake arudi kutoka kucheza. Yule wa miaka mitatu sasa alikuwa na tisa, miguu mirefu, magoti yenye vidonda. Mama yake alimwita kwa sauti ya kuvuta, silabi ya mwisho ikipanda. Na kila alipomwita, mke wangu aliacha anachokifanya. Kama anachambua mchele, vidole vilisimama. Kama anakunja nguo, nguo ilikaa hewani. Mara ya pili au ya tatu ya kuita, mtoto akaitika kwa mbali, "Karame!", kama wanavyoitika watoto wa hapa, na mke wangu akaendelea na kazi.

Miaka sita, nilipokuwa nikipima umbali kati ya miji, yeye alikuwa amesimama hapo kila jioni, anasubiri mtoto aitike.

Nilianza kutafuta jina. Naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilitaka kulitengeneza nimpelekee kana kwamba lilikuwepo siku zote. Nikibeba magunia nilijaribu majina. Mengine yalikuwa mazuri. Lakini kila nililolisema moyoni, nyuma yake yalikuja yale tisa, kwa mpangilio uleule, na makofi, na yule mdogo akisema *nampa*, na langu likaonekana limechelewa. Alipopanga siku ya kwenda sekta nilisema kuna meli ya mizigo inasubiriwa. "Masoro?" akauliza. "Bahari imefika lini Masoro?" Wiki iliyofuata nilisema mgongo. Wiki ya tatu alimwomba jirani aje kuwa shahidi, akamwambia ni Jumanne, nami nikaambiwa kama mtu anavyoambiwa bei.

Tuliketi watatu kwenye benchi la ofisi ya sekta: jirani, mke wangu, mimi. Dirisha lilikuwa na foleni ya watu sita. Mke wangu alikuwa ameishika kadi ya hospitali kwenye mfuko wa plastiki. Foleni ilipobaki watu watatu jirani alikwenda kununua maji, na nikaona kwamba nikilitaja jina la kutengeneza pale dirishani, ataliamini, atalilia, ataishi nalo, na litakuwa godoro jingine nililoliazima.

"Sikuwa nalo," nikasema.

"Nini?"

"Jina. Siku ile uliponiuliza. Nilikwambia ninalo. Sikuwa nalo. Sijawahi kuwa nalo."

Hakugeuka.

"Miaka sita," akasema polepole. "Nilidhani umeninyima. Nilijua unalo, unatembea nalo huko, hutaki nilisikie." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilidhani unafikiri nilimlalia."

Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Sikujua lilikuwa limelala kitandani mwetu, kati yetu, mahali palepale tulipomlaza yeye.

"Sijawahi," nikasema. "Hata siku moja. Wallahi, haki ya Mungu, hata siku moja."

"Ungesema basi!" Watu wa foleni waligeuka. "Ungesema tu huna! Mtu hana jina, anasema sina, tunatafuta wote! Nani angekula nyama yako?"

Aliinuka, akaenda kwenye bomba la uani. Kupitia mlango nilimwona akinawa uso, akanawa tena, akasimama akiwa ameshika bomba kwa mikono miwili. Jirani alirudi na maji, akaniangalia, akaangalia nje, akaketi mbali nami kidogo. Foleni ikaisha. Afisa akatuita mara ya kwanza, mara ya pili. Nilidhani hatarudi, na kwamba ingekuwa haki yake. Alirudi maji yakimtiririka shingoni, akasimama kwenye dirisha kando yangu.

Afisa alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mpole. Aliuliza tarehe, mahali, wazazi, shahidi. Vidole vilikwenda vyenyewe. "Jina la mtoto?"

Kwa mila, baba ndiye anayetaja. Jirani alikuwa ananisubiri. Afisa alinisubiri pia, macho kwangu, si kwa mwingine.

"Mama yake atasema," nikasema.

"Yeyote, mzee. Ila jina moja tu."

Mke wangu alilitaja. Hakufikiri hata kidogo. Alilitaja kwa namna ambayo nimelisikia kila jioni ya miezi ile, silabi ya mwisho ikipanda, na jirani nyuma yetu akajishika mdomo, kwa sababu lilikuwa jina la binti yake.

"Alimpa mwenyewe," mke wangu akamwambia, bila kugeuka. "Dirishani pangu. Nilisikia."

Jirani alisogea dirishani. Aliweka dole gumba lake mahali alipoonyeshwa. Afisa alitugeuzia kompyuta tuhakiki. Mimi ninayesoma kila kitu niliisoma safu ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka akaniuliza kama kuna kosa. Nikasema hakuna. Mashine ikatoa cheti cha kuzaliwa, kisha, kikiwa bado na joto lilelile, cha kufa.

Miezi mitatu ilipoisha, jaji alituuliza tena kama tumefikiri. Tulisema tumefikiri. Alivisoma vyeti, akalitaja jina kwa sauti, kwa kuwa lazima liingie kwenye hukumu, na ikawa mara ya kwanza kulisikia kutoka kwa mtu asiyejua lilikotoka. Mke wangu aliinamisha kichwa. Kisha tukaachanishwa. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuoana.

Nyumbani begi langu lilikuwa tayari. Redio, sufuria. Vyeti viwili vilikuwa juu ya meza ya plastiki, na tukagundua kwamba katika makubaliano yetu yote, hadi vijiko, hatukuandika nani atachukua kipi.

"Ungeajiri wakili," akasema.

"Chagua wewe."

Alivitazama. Akakisukuma kwangu cha kuzaliwa. "Mimi naye tumekaa vya kutosha. Hajawahi kutoka hapa. Mtembeze."

Alinisindikiza mpaka kwenye changarawe. Hatukushikana mikono, tungeonekana watu wa ofisini. Alisema, "Haya, msafiri," akarudi ndani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa nje wa mlango ule nikiusikiliza unafungwa.

Sufuria nilimwachia jirani. Alikuwa hajui kwamba ndiyo iliyopika maharage ya siku ile, na nilimweleza, naye akaichukua.

Nimerudi kwenye malori. Cheti nakiweka kwenye bahasha pamoja na pasipoti, chanjo na karatasi za shehena. Jina lile ni la kawaida, nusu ya wasichana wa Kigali wanaitwa hivyo, na kila linapoitwa sokoni au nje ya shule nasimama mpaka mwenyewe aitike. Nilidhani likishaandikwa litaniacha. Halikuniacha, ila yale mengine manane yamenyamaza.

Mwezi uliopita, Rusumo, afisa wa mpakani alipekua karatasi zangu, akafika kwenye cheti. Alikisoma. Wana maagizo yao kuhusu watoto wanaovushwa.

"Huyu ni wako?"

"Wangu."

"Unasafiri naye?"

Sheria zote nilizosoma hazina jibu la hilo. "Ndiyo," nikasema.

Aliinua macho, akatazama kwenye kabini, kwenye kiti cha upande wa pili. Nami nikageuka kutazama.